Sentensi Isiyo na Mwenyewe

Amani, Unguja, alasiri

Mwanangu Salha,

Nimekaa na maneno haya tangu siku uliyopata kazi, na leo ndiyo nnayaandika, begi lako lishafungwa na limewekwa mlangoni. Uniwie radhi kwa kukuweka. Sikusahau. Kila nikikaa niandike, Haitham anaamka kutaka kunyonya, au nnarudi kazini miguu imevimba nasema kesho. Kesho ikifika nasema labda haina haja, labda wasiwasi wangu ni wa bure kama unavyosema. Sasa umekwenda Kidichi kumuaga bibi yako, mdogo wako kalala, na sina tena kesho ya kusingizia.

Mambo ya kula, kuvaa na kusali sikuandikii. Hayo nshakwambia mpaka masikio yamekuchoka. Nnataka kukuandikia juu ya Kiingereza. Najua utacheka. Wewe ndiye uliyemaliza kidato cha sita, wewe ndiye unayesoma vitabu vizima vya Kiingereza umejilaza chali, na mimi ni mtu wa kidato cha nne niliyeijulia lugha hiyo kwenye mashuka ya wageni. Lakini nisome mpaka mwisho, halafu cheka ukishafika Kendwa.

Uliponiletea ule ujumbe wa hoteli ya Kendwa ulikuwa na furaha mpaka unarukaruka. Ulinipa simu nikiwa nakuna nazi, nikafuta mikono kwenye kanga nikasoma. Ulikuwa ujumbe mzuri, hata kama ungekuwa na harufu ungenukia. Wanasema wamefurahi kuwa unaingia kwenye familia yao. Wanasema suala la mahali pa kulala litaangaliwa ukifika. Saa za kazi zitakuwa zinabadilika kulingana na mahitaji. Kazi yako ni kujibu ujumbe wa wageni, na pia mara kwa mara utaombwa kuwasaidia wageni kwa namna mbalimbali.

Nikakuuliza, "Litaangaliwa na nani?"

"Na hoteli, mama."

"Hoteli ni nyumba. Nyumba haiangalii kitu. Mimi nnauliza mtu."

"Mama jamani."

"Na huku chini kasaini nani?"

Ukasema wamesaini wote, ndiyo maana wameandika "The Team". Nikakwambia timu nnayoijua mimi inacheza hapo uwanjani, na hata hiyo kila mtu ana namba mgongoni. Baba yako akacheka, akasema mimi nna shaka kama mtu wa forodha, atafungua hata mkoba wa bibi harusi. Wewe hukucheka. Ulininyang'anya simu, si kwa ubaya, ila uliichukua kwa haraka, ukasema, "Kiingereza cha hoteli ndivyo kilivyo. Si kila mtu mwizi, mama."

Sijasema ni wezi. Huenda ni watu wema kabisa, na mahali pa kulala pako ni pazuri kuliko hapa. Mimi watu hao siwajui. Ninachokijua ni sentensi za namna ile, na nnazijua kwa sababu nimeziandika kwa mkono wangu, miaka. Hili sijawahi kukueleza.

Unakumbuka niliingia pale gesti ya Mji Mkongwe kuosha vyumba na kutandika. Msichana aliyekuwa akijibu ujumbe wa wageni aliolewa akahamia Pemba, na Bwana Haroub, meneja, akanikuta kwenye ngazi na ndoo yangu. Akaniuliza, "Bi Mwanaisha, wewe si una kidato cha nne?" Nikamjibu naam. "Basi weka ndoo, njoo ukae hapa." Hivyo tu ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa Kiingereza. Nilisoma majibu ya yule msichana ya zamani, nikawa nachukua kipande huku na kipande kule, naunga, kama mtu anayeshona nguo kwa vitambaa vilivyobaki.

Bwana Haroub si mtu mbaya. Mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Alinipa sheria moja tu ya kazi, kwamba mgeni haambiwi hapana. Na mimi sikuiona ajabu, kwa sababu nimelelewa hivyo hivyo. Sisi hapana hatuisemi, Salha. Hebu fikiri, umewahi kunisikia nikimwambia jirani hapana? Anakuja kuomba kitu ambacho sitaki kumpa, nnamwambia tutaangalia, inshaallah. Ananitazama usoni, anajua keshanyimwa, anashukuru, na tunahamia kwenye habari nyingine. Hakuna aliyeaibika. Hapana yetu haimo kwenye neno. Imo usoni, imo kwenye ule unyamavu mdogo kabla ya inshaallah, imo kwenye mkono unaorekebisha mtandio.

Mimi mwenyewe nimeambiwa hapana hiyo, na nikaielewa vizuri. Nilipoolewa nilikuwa bado nataka kuendelea na kidato cha tano, na nafasi nilikuwa nshapata. Nilimwambia baba yako, yeye akasema mwambie mama. Nikaenda Kidichi. Bibi yako alikuwa akichambua karafuu ukumbini, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akarekebisha mtandio wake, akasema, "Tutaangalia, mwanangu, inshaallah." Nikamshukuru. Nikamsaidia kuchambua karafuu, tukazungumza habari ya mvua. Usimchukie bibi yako kwa hili, naye hakuniongopea, kwa sababu mimi nilijua na yeye alijua kuwa mimi najua. Lakini nikikumbuka siku ile, linaloniuma si jibu. Linaloniuma ni kwamba nilishukuru. Lau angelisema hapana wazi, huenda ningeliuliza kwa nini. Tutaangalia haina pa kuishika ukauliza kwa nini.

Basi ustaarabu huo nikauchukua, nikautia kwenye Kiingereza, nikautuma kwa watu ambao uso wangu hawauoni.

Mwanamke mmoja wa Poland, jina lake Marta, alituandikia kuwa anakuja na mama yake. Aliuliza jambo moja. Mama yake hawezi kupanda ngazi, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, je tuna chumba cha chini? Nyumba ya gesti unaijua. Chini ni ofisi, jiko na stoo. Vyumba vyote viko juu, na ngazi zake ni zile za nyumba za kale, nyembamba na zimesimama, hata mimi na miguu yangu mizima nnapanda nikishika ukuta.

Nikamuuliza Bwana Haroub nimjibu nini. Akasema, "Mwandikie tutajitahidi. Wakifika tutaona."

Nikaandika kwamba tumepokea ombi lake kwa furaha, kwamba tunaelewa hali ya mama yake, kwamba tutafanya kila tunaloweza ili apate raha, akipenda Mungu. Nilitafuta kwenye kamusi kila neno nililolitilia shaka. Ilikuwa sentensi safi, mwanangu. Kila neno mahali pake, kila herufi. Mwalimu wangu wa Kiingereza angeliandika vema pembeni. Na mimi nilidhani nimeshamwambia hapana. Au nilijifanya kudhani. Mpaka leo sina hakika, na ndiyo maana hata nafsi yangu nnaitilia shaka. Nilibonyeza kutuma nikaenda kuanika mashuka.

Walifika asubuhi. Hamali anavuta mizigo mbele, Marta anasukuma kiti nyuma, na kwenye kiti yumo bibi mdogo mdogo amevaa kofia ya ukili, anatabasamu kwa kila mtu. Marta akatusalimia, akatazama huku na huku pale chini, akauliza, "Chumba chetu ni mlango upi?"

Nikatazama ngazi. Akanifuata macho, naye akazitazama.

Bwana Haroub akaita vijana wa duka la vinyago la jirani. Wakamhamishia yule bibi kwenye kiti cha mezani, wanne wakakishika, wakaanza kupanda naye kwa ubavu, maana vinginevyo hakipiti. Mimi nikapanda nao, nimemshika gauni upande wa magoti lisije likapanda mbele ya wanaume. Hiyo ndiyo kazi niliyoweza kumfanyia. Alikuwa amefumba macho. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na mkono wake ulikuwa umekamata kilemba cha kijana mmoja kama mtoto anavyokamata. Kijana naye maskini alipanda hivyo hivyo, shingo imepinda.

Baada ya hapo alikataa kabisa kubebwa tena. Siku zote alizokuwa Zanzibar alikaa juu, dirishani, mpaka siku ya kuondoka. Nilimpelekea chai, na yeye hakuninunia hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa akiniuliza kwa Kiingereza kidogo alichonacho, ile sauti chini ni ya nini? Nikamwambia ni muuza kahawa anagonga vikombe. Na ile? Watoto wanatoka chuoni kusoma Kurani. Na ile? Nikamwambia ile ni watu wawili wanagombania pikipiki ilivyowekwa. Akacheka kwa hiyo. Alisafiri kutoka kwao mpaka kwetu, mji akausikiliza kwa juu, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa kelele.

Marta hakucheka. Alishuka na simu yake akaniwekea mezani, ujumbe wangu umefunguka. Hakupaza sauti. Akasema, "Nionyeshe. Neno gani hapa lilikuwa linasema hapana?"

Nikasoma. Nikasoma tena, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga. Tutajitahidi, raha, akipenda Mungu. Nikageuka, maana Bwana Haroub alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote ule. Akamwambia Marta, kwa upole wake wote, kwamba anasikitika, msichana wetu ndiye aliyeandika.

Pale ndipo nilipofumbuka macho. Kwenye ujumbe ilikuwa ni "sisi". Sisi tumefurahi, sisi tunaelewa, sisi tutajitahidi. Nilipokuwa naandika, sisi hiyo ilikuwa ya gesti nzima na ya Bwana Haroub mbele. Lilipokuja tatizo, sisi ile ikatawanyika, kila mtu akashika njia yake, nikabaki mimi peke yangu na simu ya watu mezani. Aliyeniambia niandike alikuwa pale pale, nasikia pumzi yake, lakini kwenye sentensi hakuwemo.

Marta aliniambia neno jengine, na hili nakuomba ulishike. Alisema, "Kiingereza si lugha yangu. Nilifundishwa shule, kama wewe. Naamini kilichoandikwa kwa sababu sina kingine." Sikuwahi kulifikiria hilo. Mimi nilidhani mgeni ndiye mwenye Kiingereza na mimi ndiye wa kuazima, kumbe sote tuliazima. Tulikuwa kama watu wawili waliokutana gizani kwenye nyumba ya mtu wa tatu, hakuna anayejua swichi iko wapi, na mimi badala ya kumwambia hapa pana shimo, nikamkaribisha kwa adabu apite.

Basi nikabadilisha namna ya kuandika. Aliyefuata kuuliza chumba cha chini nilimjibu, "No. We do not have a room downstairs. All our rooms are upstairs and the stairs are steep." Hapana, chini hatuna chumba, vyote viko juu na ngazi zimesimama. Nilipokwisha kutuma nilijifunika uso kwa mtandio kama niliyemtukana mtu mzima. Bwana Haroub alipousoma alikuja mbio.

"Bi Mwanaisha, umeandika kama polisi."

"Nimeandika kama nyumba ilivyo, Bwana Haroub."

"Atakwenda kwingine huyu."

"Aende. Akapate chumba cha chini."

Na kweli alikwenda kwingine, na Bwana Haroub alininunia mpaka nikawa naogopa kumpelekea chai. Sikudanganyi kwamba kila mtu alinipongeza. Wapo wageni waliotupita kwa sababu ya hapana zangu. Wapo waliokuja wakasema afadhali mtu mmoja kasema kweli. Sikuhesabu nani wengi. Ninachojua ni kwamba sijapanda tena ngazi zile nimeshika gauni la mtu.

Sasa usidhani kwa kuwa nnasema habari ya uwazi basi nnadharau sarufi. Sarufi niliidharau mwanzo, nikidhani ni mapambo ya watu wa shule. Kuna mgeni nilitaka kumwambia dereva atakuja kumchukua asubuhi. Nikaandika kana kwamba dereva alishakuja. Mgeni akasoma, akadhani kaachwa, akatoka na mabegi yake barabarani akitafuta gari huku analia, na dereva wetu kafika kakuta chumba kitupu. Tangu siku hiyo nikajua kuwa sentensi iliyovunjika msomaji anaiunga mwenyewe, tena anaiunga kwa hofu yake, si kwa nia yako. Kwa hiyo nnazipitia sentensi zangu polepole: nani, anafanya nini, lini. Nikimkosa mtu ndani ya sentensi nnasimama. Wakati mwingine nimemsahau tu, nnamrudisha. Lakini mara nyingi nikijiuliza kwa nini simwoni, nnagundua kuna mtu hataki kuonekana, na mara nyengine mtu huyo ni mimi.

Ndiyo maana nilikuwa kama mtu wa forodha juu ya ujumbe wako. Nikauona umejaa shughuli na hauna watu. Litaangaliwa, zitabadilika, utaombwa. Nani ataangalia, nani atabadilisha, nani atakuomba, na kukusaidisha wageni kwa namna gani? Neno "mbalimbali" silipendi linapoandikwa kwa msichana anayekwenda kulala nje ya kwao.

Nikakuandikia maswali matatu kwenye kipande cha karatasi, kwa Kiingereza changu kifupi. Nani atalala nami chumbani? Kazi yangu inaisha saa ngapi? Mkubwa wangu wa kazi anaitwa nani? Ulichukua, nikashukuru. Kumbe uliyatia kwenye simu ukaiambia simu iyafanye ya adabu. Siku hizi simu inaandika Kiingereza kuliko sisi sote, nnajua, hata Bwana Haroub anayo, na tangu aipate majibu yake yamekuwa laini hata mimi siyaelewi. Uliponionyesha ulichotuma kilikuwa kizuri kama kadi ya harusi. Unawashukuru sana kwa nafasi hii adhimu. Ulikuwa unawaza tu, wakipata wasaa, na kama si usumbufu, iwapo huenda kukawa na taarifa zozote kuhusiana na taratibu za makaazi.

Nikakuuliza, "Maswali yangu yako wapi?"

"Yamo ndani, mama."

"Ndani wapi? Nioneshe kwa kidole."

"Wataelewa."

Salha, wataelewa ni neno la Bwana Haroub. Siku Marta alipoondoka, ndilo alilonambia: watu wazima wale, walipaswa kuelewa.

Jibu likaja, sitalisahau, kwa sababu ulilisoma kwa sauti ukiwa umesimama kwenye mlango wa jiko: "Don't worry, everything will be taken care of." Usijali, kila kitu kitashughulikiwa. Ukasema, "Umeona? Wamejibu." Nami nikakwambia wamejibu ulichouliza, na hukuuliza kitu. Ukaingia chumbani kwako. Tangu hapo tunazungumza habari za pasi na ndoo tu, wewe na mimi, na kesho unaondoka.

Kwa ule ukali uniwie radhi. Kwa neno lenyewe siombi radhi, kwa sababu nnalirudia hapa kwa upole na ni lile lile. Hukuuliza kitu. Uliogopa ukiuliza wazi wataona huna adabu, watampa kazi mwengine. Hofu hiyo naijua, imekaa nami miaka. Lakini angalia, adabu ina mahali pake, nayo ni kwenye salamu. Wasalimie vizuri, waulize hali zao, washukuru. Halafu swali liache lisimame peke yake, fupi, bila nguo juu ya nguo. Na wakikujibu ukungu, uliza tena kwa maneno yale yale. Usiliongezee sukari la pili. Mtu mwema ukimuuliza mara mbili atacheka, atasema samahani, sikukuelewa, mkubwa wako ni fulani. Asiyekuwa mwema atakasirika. Kwa hiyo hata hasira yake itakuwa imekujibu.

Na jambo jengine nnalolifikiri nikiwa nakuna nazi, nikiwa nabembeleza mtoto, kila mahali. Huenda aliyekuandikia ule ujumbe ni msichana kama wewe. Huenda naye ana Bwana Haroub wake nyuma ya kiti, anamwambia mwandikie tutaona akifika. Na kuanzia wiki hii msichana huyo utakuwa wewe. Wewe ndiye utakayeandikiwa na akina Marta. Watakuuliza kama bahari iko karibu, kama usiku kuna kelele, kama mtoto wao mgonjwa atapata chakula anachokiweza. Na kuna mtu atakuja kukwambia, waandikie kila kitu kitashughulikiwa. Simu itakuwa tayari kukuandikia vizuri mno. Sikuambii ugombane na mtu. Muulize tu kwa utulivu, nani atakayeshughulikia, ili niandike jina lake? Mimi nimeuliza swali hilo mara nyingi sasa, na nnakuhakikishia, mtu akisikia jina lake linaingia kwenye sentensi, anakaa sawa. Mara nyengine anasema basi, mwambie hatuna.

Baba yako anasema nnakujaza hofu. Anasema Kendwa si ughaibuni, ni hapa hapa Unguja, jua likitoka kwao ndilo linalotoka kwetu. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa mji huu huu, safari fupi ya gari kutoka kwa mama mkwe, na bado kuna mambo niliyoyajua kwa kuchelewa kwa sababu yalisemwa kwa uzuri. Umbali siuogopi. Nnaogopa uzuri wa maneno.

Sikuzuii kwenda. Ningetaka kukuzuia ningesema hapana, na unajua sasa kuwa nnaweza kuisema. Unaipenda kazi hii, na Kiingereza chako ni kizuri kuliko changu, na mtu mwenye Kiingereza kizuri akiamua kusema wazi, hakuna wa kumshinda. Nnakutaka uende. Ila nimekupa ruhusa nikiwa sijajibiwa, na ruhusa ya namna hiyo ina mwisho wake. Ijumaa nna mapumziko. Nikiwa sijapata ninavyovitaka hapa chini mpaka Alhamisi jioni, basi Ijumaa nnamwacha Haitham na baba yake na nnakuja Kendwa, inshaallah, na hii si ile inshaallah ya mtandio, ni ya mtu aliyekwishavaa viatu. Sitakuja kukutia aibu. Nitakaa mapokezi, nitasalimia vizuri, nitauliza mwenyewe. Nisipojibiwa tutarudi pamoja, na begi nitalibeba mimi.

Haitham ameanza kujigeuza, na gari linalokurudisha kutoka kwa bibi yako nnalisikia likiingia uchochoroni, kwa hiyo nnakuandikia haraka. Nnakupenda, na hili nimeliandika kwa Kiswahili lisipate pa kujificha. Mimi mama yako, Mwanaisha. Ambavyo bado sijavipata, na ambavyo nnataka unitumie, ni hivi:

Jina la mtu aliyekupokea, lake na la baba yake, si cheo chake.

Jina la msichana mnayelala naye, kwao wapi, na namba ya mama yake kama atakubali kukupa.

Saa ya kumaliza kazi, iandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nizilinganishe.

Sentensi moja ya Kiingereza, kutoka kwa mtu na si kwa timu, inayosema kuwasaidia wageni ni kufanya nini, na kipi hutafanya.

Picha ya njia kutoka mapokezi mpaka unapolala, uipige taa zikishawashwa.

Picha ya mlango wa chumba chenu, upande wa ndani, komeo likiwa limefungwa.